Salamu za Mgongo

Nyumbani kwa msusi, mgongo ulisalimiwa kabla ya mwenyewe. Mume akifumbua macho tu: "Mgongo umeamkaje?" Mama mkwe kwenye simu: "Mwanangu, mgongo?" Jirani ndiyo kabisa, alimwita Mama Mgongo. Upendo huo, jamani! Ndoo asiguse, mtoto asibebe, kuinama mwiko. Na kila alipoulizwa, kiuno kilikaza na maumivu yakaitika.

Daktari wa viungo alishamwambia: "Jeraha lilipona zamani. Maumivu ni ya kweli, hujayatunga. Lakini woga unayachochea." Msusi alitoka amenuna. Woga! Aje yeye alale na kiuno hiki!

Sasa mdogo wake, mwenye saluni, alikuwa amechoka kungoja apone. "Dada, nakupenda, lakini wateja wanakimbia. Leo umalize kichwa kizima, la sivyo kesho kiti chako nampa mwingine."

Mteja akaja: muuza mitumba, mgeni mtaani, mdomo hauna breki. Habari za mgongo hakuzijua, basi hakuuliza.

"Dada'angu, nilimuuzia bwana mmoja shati lake mwenyewe! Mkewe kaniletea asubuhi, yeye kalinunua jioni. Eti limemkaa kama alipimwa!"

Msusi alicheka hadi kitana kikamponyoka. Akainama, akakiokota, akaendelea kusuka. Kisha mikono ikasita. Ala! Nimeinama mimi?

Simu ikalia. Mume. "Vipi mgongo?"

Papo hapo kiuno kikakaza, maumivu yakapanda hadi mabegani. Kichwa cha mteja kilikuwa kimesukwa nusu tu. Msusi akayaona yote waziwazi, na hasira zikampanda.

"Baba watoto, mgongo si mke mwenzangu! Ukipiga simu, niulize mimi!"

Akakata. Akavuta pumzi. "Uma utakavyo," akauambia mgongo, "sivunjiki ng'o." Akakamata nywele. Uliuma, akasuka, ukauma kidogo, akasuka, muuza mitumba akaleta kisa kingine, akasahau kuusikiliza. Alipofunga msuko wa mwisho, mdogo wake alipiga vigelegele hadi wapita njia wakachungulia.

Jioni mume alimngoja mlangoni, mto wa kuegemea mkononi. Akafungua mdomo, akalimeza swali la mgongo.

"Umeshindaje, mke wangu?"

"Nimesuka kichwa kizima!" Kiuno bado kilinung'unika, lakini alicheka kwa sauti, akainama, akainua ndoo ya maji. Mume akanyoosha mikono kumpokea, kisha akairudisha nyuma, mto na vyote.

"Nipishe," msusi akasema, "nakwenda kuoga."