Shifti Isiyoachia

Ximena Olascoaga alishuka basi mjini Durazno mvua ikimwagika kama mbingu imetoboka, kompyuta yake kaifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Mto Yí ulikuwa umeshameza barabara ya kando yake. Programu aliyoiandika yeye ndiyo iliyochora ramani ya nyumba za kuhamishwa, na tangu jana ilikuwa inapaka rangi nyekundu hata nyumba za mlimani, ambako maji hayajawahi kufika.

"Vidole vya yule mama mchora ramani vimezeeka," bosi wake, Washington, alimwambia kule Montevideo. "Mbona kwetu haikosei?"

Kweli, ofisini haikukosea hata mara moja. Hilo ndilo lililomnyima Ximena raha, akakata tiketi.

Nélida Berrutti, mchora ramani wa mji, alimpokea bila tabasamu.

"Wewe ndiye mwenye hiki kidudu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi kula torta hiyo, andazi letu la siku za mvua, bado la moto. Halafu unitazame, uniambie kama ni vidole."

Nje malori yalikuwa yananguruma, machache mno kupelekwa mahali pasipohusika. Artigas Pintos, mkuu wa uokoaji, alichungulia mlangoni, koti linachuruzika maji.

"Jamani, vipi? Mto haujui kusubiri."

Ximena hakugusa kitu. Aliitazama mikono ya Nélida tu. Kwenye skrini kulikuwa na madirisha mawili: ramani kushoto, picha zilizopigwa kutoka angani kulia. Nélida alibana kitufe cha Shifti, akabofya nyumba hii, na hii, na ile, zishikwe pamoja. Kidole kingali juu ya Shifti, akapeleka kipanya kwenye dirisha la picha, akabofya paa moja kulihakiki, ndipo akaachia. Akazipaka zile nyumba nyekundu. Kisha akabofya nyumba moja ya mlimani, bila kubana chochote, aipake kijani. Zote zikageuka kijani, na za mtoni pia.

"Umeona? Nikizirudisha za mtoni ziwe nyekundu, na ya mlimani inafuata!"

"Rudia, mama. Taratibu."

Alirudia. Ximena akaligusa dirisha la ramani.

"Vidole vyako havina kosa. Kosa ni langu! Dirisha la ramani liliambiwa umebana Shifti. Ulipoachia ulikuwa dirisha la pili, habari ikaenda huko. La kwanza halikuambiwa kitu, linaamini mpaka sasa kwamba umebana."

Nélida alicheka kwa mara ya kwanza. "Kama mume aliyeachwa hana habari, kakaa mezani anangoja chakula."

"Huyo huyo! Na mimi ofisini nina dirisha moja tu, ningemwona wapi?"

"Sasa mpe habari zake huyo bwana, mwanangu."

"Itachukua muda gani?" Artigas akauliza.

"Ukiendelea kuniuliza, mrefu."

Ximena akafuta pale programu ilipokuwa inajiwekea kumbukumbu ya Shifti. Sasa kila kipanya kikibofywa, ingeuliza upya: muda huu huu, imebanwa au haijabanwa? Na dirisha likiachwa, lisahau yote. Nélida akakaa kuijaribu, tena kwa ukorofi: akabana huku, akaachia kule, akaruka madirisha kama mtu anayetafuta ugomvi. Haikuteleza. Akabofya nyumba ya mlimani: ikashikwa hiyo moja, peke yake.

"Imekubali!" akapiga meza. "Imekubali, Artigas!"

Wekundu ukajipanga kando ya mto, nyumba kwa nyumba. Ramani ikatoka kwenye printa, Artigas akainyakua kabla haijapoa, na malori yakang'oka.

Alasiri mto uliingia mtaa wa chini, ukakuta milango imefungwa na vitanda havina mtu. Watu wote walikuwa kwenye ukumbi wa michezo, na magodoro, na mbwa, na vyungu vyao. Artigas alipotangaza kwamba hakuna hata mmoja aliyepungua, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Simu ya Ximena ikaita: Washington. Nélida akaipokea yeye.

"Vidole vinakusalimu," akamwambia, akakata. Kisha akaushika mkono wa Ximena, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda, na wote wakashangilia.