Fuwele Saba za Mwalimu

Dobi aliziosha fuwele saba za marehemu mumewe Jumatatu mchana, kwenye beseni la bluu, kwa mswaki mkuukuu na maji ya ndimu. Udongo mwekundu ulitoka polepole. Kila fuwele ilikuwa na urefu wa kidole, pande sita na ncha kali, na chini ilikuwa imevunjika, mvunjiko mpya unaong'aa kama chupa iliyopasuka jana. Alizipanga dirishani, ncha zikielekea ukutani, akatoka kumwaga maji. Aliporudi zote saba zilikuwa zimegeuka kuelekea barabarani, upande wa posta.

Akazirudisha. Akakamua kitambaa. Zikageuka tena.

"Zinatafuta zilikovunjikia," alisema mama mkwe wake, aliyekuwa akishona kifungo kando ya mlango. "Usizisumbue."

Mumewe aliitwa Mwalimu na mtaa mzima kwa sababu alifundisha udereva. Kwa miaka tisa yeye, mkewe na rafiki yao Fundi Saa walikuwa wakipanda kilima kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali kila Jumapili kuchimba kwatzi, jiwe lile lile linaloendesha saa za betri. Hawakuziuza fuwele zao. Walizipanga kabatini na kuzibishania. Walifuata mshipa mweupe kwenye mwamba mpaka pale udongo unapolainika na kunata kama unga uliokandwa, kisha wakaacha sululu na kuingiza mkono. Vidole vyao vilijaa makovu madogo. Walikuwa na sharti moja tu: shimo likikupita kiuno, mwenzio abaki juu.

Jumapili aliyokufa Mwalimu, Dobi alikuwa kitandani na homa. Fundi Saa alisema siku hiyo yeye alishinda dukani akitengeneza saa ya ukutani ya shule, na kwamba Mwalimu, kwa ubishi wake, lazima alikwenda peke yake. Kesho yake ni yeye Fundi Saa aliyepanda kilimani, akakuta shimo limeporomoka juu ya Mwalimu, akaleta habari na mfuko wenye fuwele saba, aliosema aliukuta kando. Msibani alikuwa na bandeji kwenye kidole gumba, na mchano mrefu ukichomoza chini yake. Alisema bisibisi imeteleza.

Miezi miwili Dobi hakuligusa lile suala la bandeji. Sasa aliligusa. Bisibisi hutoboa. Fuwele huchana. Na Mwalimu alikuwa mbishi kwa kila kitu isipokuwa lile sharti.

Alhamisi alitia fuwele moja kwenye mfuko wa aproni akatoka. Jiwe lilikuwa likimvuta kidogo, kama mbuzi aliyezoea njia.

"Leo jiwe lako lina haraka," alisema fundi viatu wa kwenye kona, akiutazama mfuko uliojitokeza mbele.

"Lina haraka, ndiyo," alijibu Dobi.

Pale posta lilikata kushoto, likamwingiza kwenye duka la Fundi Saa. Fundi alikuwa ameinamia saa, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni.

"Karibu, shemeji. Mama hajambo?"

"Hajambo." Jiwe lilimvuta kuelekea mezani. "Chini ya meza kuna nini?"

"Mabovu tu. Betri zilizokufa."

Dobi aliinama, akasogeza boksi la betri. Nyuma yake, ndani ya taulo, kulikuwa na fuwele kubwa kama birika, safi kiasi kwamba nyuzi za taulo zilionekana upande wa pili. Kwenye kitako chake kulikuwa na majeraha saba. Fuwele ya mfukoni ikatoka yenyewe, ikakaa juu ya jeraha moja, na mahali zilipokutana hapakubaki hata mstari.

Fundi Saa alitoa kioo jichoni. "Hiyo ndiyo ilikuwa imeegemea kushoto," alisema.

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, shemeji. Tuliing'oa pamoja. Yeye aliniinulia, mimi nikapokea. Zile ndogo zilivunjika wakati wa kupokea. Nilipoiweka chini, ukuta ukashuka."

"Ukamwona?"

"Niliona mkono."

"Ulikuwa unasogea?"

Fundi Saa alichukua saa moja mezani, akaitia ufunguo, akaisikiliza.

"Ulikuwa unasogea. Ila ningeita watu, jiwe lingeonekana. Wangelichukua. Tumelitafuta miaka tisa."

Akamvutia kiti. Dobi hakukaa. Alijaribu kuing'oa fuwele yake ikakataa, akaiacha.

Nyumbani alimweleza mama mkwe yote, mwanzo hadi mwisho. Bibi aliweka sindano chini.

"Mkono gani?"

"Sikuuliza, mama."

"Ungeuliza, mwanangu."

Kesho yake Dobi alikwenda kituo cha polisi na fuwele ya pili. Sajini aliiweka mezani ikageuka kuelekea posta. Aliirudisha kwa kalamu mara tatu, ikageuka mara tatu, naye akaandika hivyo kwenye kitabu.

"Alikiri mbele ya nani?" aliuliza.

"Mbele yangu. Na ya jiwe."

"Jiwe halina kitambulisho, mama. Kifo kilishaandikwa ajali. Tukifungua upya itabidi tuanze na kibali cha kuchimba. Mlikuwa nacho?"

"Hatukuwa nacho."

"Unaona. Na wewe ulikuwa mchimbaji." Akaitazama saa yake ya mkononi, ambayo Fundi Saa aliitia betri wiki iliyotangulia. "Kwa hiyo tuache hivi hivi."

Dobi aliposimama kuondoka, fuwele haikuwa tena mezani. Ilikuwa imefika mlangoni, na askari wa zamu aliisogezea benchi ipite.

Nyingine zilifuata wiki hiyo, moja moja, mchana kweupe. Zilikwenda taratibu kando ya barabara, na pale pa kuvukia magari yalisimama. Ya mwisho Dobi alitaka kuifunga ndani ya kopo la chai.

"Usiifunge," alisema mama mkwe. "Itajivunja ncha bure." Aliifungulia mlango. Ngazi za nje zilikuwa za juu mno kwa fuwele, kwa hiyo bibi aliibeba ngazi mbili, akaiweka chini, akasubiri mpaka ilipopita nyumba ya jirani.

Jumatatu iliyofuata fuwele kubwa ilikuwa dirishani mwa duka la Fundi Saa, nzima, na zile saba zikiizunguka kitakoni kama hazijawahi kuondoka. Kando yake palikuwa na karatasi yenye mwandiko mzuri: *Haiuzwi.* Watu walisimama kutazama. Dobi alikuwa akipita na furushi la nguo begani, na mlango wa duka ulikuwa wazi.

"Fundi," mteja mmoja aliuliza, "hili ulilichimba na nani?"

Fundi Saa alimwona Dobi kupitia kioo.

"Peke yangu," alisema.

Mteja akasema kweli ana bahati. Dobi alilihamishia furushi bega la pili, akaendelea na safari, kwa kuwa mashati ya kituo cha polisi yalitakiwa kabla ya saa nne.