Nyungunyungu wa Tuta la Orrin

Mume wangu Orrin alikufa mwezi wa pili, na kufikia mwezi wa nne alikuwa ameshalirudia tuta lake la bangi. Anayetaka kucheka na acheke. Nimeishi kwenye vilima hivi vya Humboldt, kwa wakulima wa bangi, miaka arobaini na moja, nimesikia vituko vya kila mvutaji, na mimi mwenyewe sivuti. Ninachosema nilikiona kwa macho yangu: kila asubuhi, kando ya mbao zinazolizunguka tuta, palikuwa na alama mbili za magoti kwenye udongo wenye umande, pale pale alipozoea kupiga magoti na kutega sikio.

Alikuwa akiwasikiliza nyungunyungu. Wakiwa wengi chini ya nyasi zilizolowa za kufunikia tuta, huwa wana sauti, kama mtu anayekunjakunja karatasi chumba cha pili. Tuta lile Orrin alilitunza miaka kumi na tisa bila kubadilisha udongo. Alililisha samadi, mwani na maganda ya kaa, na hakuruhusu chupa hata moja ya mbolea ya dukani ivuke geti. Mwili wake ulipochomwa, majivu niliyachanganya humo humo, kama alivyoniagiza.

Alama zile hazikuniogopesha. Nilikaa karibu nazo nikamsimulia habari za barabara iliyobomoka na za paka. Nilitaka kitu kimoja tu: asiondoke.

Mwezi wa saba majani ya chini yakaanza kuwa njano. Tuta lilikuwa na njaa, na mimi sikujua kulilisha, kwa sababu Orrin alikuwa anachanganya kwa kukadiria na kunusa, wala hakuandika hata mstari mmoja, mkaidi yule. Hofu ikanishika. Mimea ikifa, yeye atabaki hapa afanye nini? Nikamwita jirani yetu Garrick, anayeotesha bangi kwenye makumbi ya nazi, chini ya nailoni, na kuilisha mbolea ya chumvichumvi kutoka kwenye chupa. Orrin alikuwa akimwita mfamasia.

"Makubwa haya!" Garrick alisema akishuka kwenye gari. "Leo mfamasia kaitwa kwa mganga."

"Acha domo. Itapona?"

"Ina njaa tu, Marlys. Samadi yenu inachelewa, mpaka vijidudu vya udongo viisage kwanza. Hii yangu mmea unainywa leo leo. Zinaweza kukaa pamoja, watu kibao siku hizi wanachanganya. Ila robo ya kipimo, mara moja, halafu unaacha. Umenisikia? Robo."

"Mimi si kiziwi."

"Haya. Orrin akinijia usiku nitamwambia ni wewe."

"Haji usiku. Anakuja asubuhi."

Alicheka, akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Robo ile ilifanya kazi. Siku ya tano majani yalikuwa kijani, na alama za magoti zilikuwepo. Nililia kwa furaha, maana nilijua ameridhia. Na hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye chupa aliyoniachia Garrick palikuwa na ratiba, wiki kwa wiki, kipimo kikipanda. Nikajiambia kama robo imembakiza, kipimo kizima kitamfunga hapa moja kwa moja. Nikaifuata ratiba wiki sita bila kuruka hata siku. Ratiba ile imeandikwa kwa ajili ya makumbi yasiyo na kitu ndani yake, si kwa udongo ulioshiba chakula cha miaka kumi na tisa. Hakuna mkulima wa vilima hivi asiyelijua hilo. Na mimi nililijua.

Wiki ya saba ncha za majani ziliungua. Udongo ulikuwa na ukoko mweupe, na juu yake nyungunyungu wamelala kwa mamia, wamekauka, wengine wamefia kwenye mbao wakijaribu kutoka. Nikatega sikio. Kimya. Nikaangalia chini kando ya mbao, hapakuwa na alama. Kesho yake hapakuwa na kitu. Nilihesabu siku kumi, kisha nikaogopa kuendelea kuhesabu.

Garrick alikuja akaumwagia udongo maji siku tatu mfululizo kuiosha chumvi. Hakunisema, na hilo liliniuma zaidi. Mimea ikaamka, na mwezi wa kumi maua yalikuwa mazito ajabu. Mnunuzi alinusa ua moja akasema Orrin angejivunia. Nusura nimzabe kofi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Garrick alirudi na ndoo ya nyungunyungu.

"Ukoo ule ule," alisema. "Orrin alinipa kiganja kimoja zamani, nikawatia kwenye pipa nyuma ya nyumba wawe chambo cha samaki. Wamezaana sana."

Nilifukua nyasi, tukawamwaga katikati ya tuta, tukawafunika, tukasubiri. Haikupita nusu saa wakaanza kutoka. Walipanda mbao, wakaangukia nje, wakatambaa kwenye tope, wote upande mmoja, kuelekea nyumbani kwa Garrick. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

"Ni chumvi tu, bado ipo," Garrick alisema kwa sauti ya chini. "Mvua itaimaliza. Mwakani watakaa."

"Nyungunyungu watakaa."

Tuliwaokota mmoja mmoja, tukawarudisha ndooni.

"Wapeleke nyumbani," nikamwambia. "Na ukisikia chochote asubuhi pale kwenye pipa, usinipigie simu. Sitaki kujua."

Aliiweka ndoo kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda, akaondoa gari taratibu kama aliyebeba mgonjwa. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwonea mtu wivu kwa ajili ya Orrin. Siku ile nilimwonea Garrick.