Mashine ya Mvuke

Glu. Kimya kidogo, halafu glu tena. Hivyo ndivyo mashine ya mvuke ilivyomeza maji yake gizani, pembeni ya kitanda cha binti yangu Natalia, na kwa miaka minne sauti hiyo ndiyo iliyonibembeleza. Ikinyamaza tu, naamka. Alfajiri moja ya Juni niliamka, nikaijaza kwa kupapasa, nikalowesha kitenge, nikakikamua, nikakitundika mlangoni kwa mtoto kama tulivyozoea Albuquerque. Natalia akakohoa. Nikasema moyoni: huyu mama wa ghorofa ya juu na maji yake ataniulia mtoto.

Kule Albuquerque, Warundi wengi tuliofahamiana tulitundika vitenge vibichi milangoni. Mji uko juu sana, jangwani, na hewa yake ina kiu. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na Natalia alikuwa akiamka mto umejaa damu ya pua. Daktari ndiye aliyetuambia tununue mashine ya kulowesha hewa, tuiwashe kila usiku. Nguo ukianika, unapobana ya mwisho ile ya kwanza imeshakauka. Mchana jua linakuchoma utosi, jua likizama unatafuta sweta. Na mlima uko mashariki siku zote, hata mimi niliyechelewa kujifunza ku-drive sikuwahi kupotea.

Machi tukahamia Irving, mume wangu Lambert alipopata kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Hapa hakuna mlima. Kila upande ni sawasawa na barabara zote zinafanana, na ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka. Joto halilali. Chumvi inaganda koponi, taulo halikauki, mkate unaota ukungu siku ya tatu. Hayo yote nilimwambia dada yangu Généreuse kwa sauti za WhatsApp, maana naye anataka kuhama na kila siku anauliza: "Niache nini, nije na nini?" Niliyaandika pia kwenye masomo ya jioni, insha ya kulinganisha sehemu mbili, na mwalimu akanisimamisha niisome mbele ya darasa. Tangu hapo mtu yeyote wa jumuiya yetu akitaka kujua habari za kuhama, wanamwambia, "Muulize Mama Natalia, huyo kasomea."

Nami nikajibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea. Niliweza kukueleza mkate unaota ukungu siku ya ngapi. Jioni narudi nyumbani, najaza mashine.

Madoa meusi yalianza nyuma ya kitanda cha mtoto, yakapanda mpaka kwenye dari. Juu yetu anaishi Gaudiose, Mama Kalisti, ambaye tulipofika bila chochote alitushushia godoro na sufuria ya maharage, na asubuhi nilipokuwa kazini alimsindikiza Natalia kwenye basi la shule. Anafanya usafi hotelini. Akirudi jioni anafua nguo zake kwa mkono ndani ya beseni la kuogea, kwa sababu mashine za kufulia za pale chini, anasema, zinatafuna kola. Tukikaa mezani tunasikia maji yake: shaa, shaa, kisha yanateremka kwenye bomba.

Nikaandika barua ofisini kwa wenye nyumba, kwamba maji ya juu yanavujia ukutani kwetu, kwa Kiingereza kile kile cha insha.

"Si ungepanda kwanza ukamuuliza?" Lambert alisema.

"Nimuulize nini? Maji si tunayasikia wote?"

Kwenye jumuiya habari ikafika, ingawa jina langu halikufika. Wanawake wakamtania: "Mama Kalisti, umetuletea mto Ruvubu mpaka Irving?"

"Sasa nifulie wapi?" akajibu, huku mwenyewe anacheka. "Kwenye kikombe cha chai?"

Nikacheka pamoja nao.

Wiki mbili baadaye alibisha hodi, bado amevaa sare ya kazi, bahasha mkononi. "Mama Natalia, wewe una Kiingereza. Nisomee."

Nilisoma nimesimama. Ofisi haitamwongezea mkataba. Atoke kabla ya mwisho wa Julai, kwa sababu ya malalamiko ya maji.

"Nani kalalamika?"

"Haijaandikwa," nikamwambia. Na kweli haikuandikwa.

Akaikunja barua vizuri kwa mikunjo yake ile ile. "Asante, mwanangu. Angalau nimesomewa na mtu wangu."

Jumamosi Lambert akaja na Sospeter, Mkenya anayefanya kazi ya kuziba na kupaka kuta. Hana uhusiano na ofisi, alikuja kwa ajili ya urafiki tu. Aligonga ukuta kwa kidole, akatoboa kitundu chini ya dari, akamulika ndani.

"Shemeji, huku ndani ni kukavu kama biskuti," akasema. "Hakuna maji yaliyoshuka hapa." Akapitisha kiganja ukutani upande wetu, kikatoka kimelowa. Akatazama kitenge mlangoni. Akaitazama mashine. "Na hii mnamwagilia nini? Sukuma wiki?"

"Ni ya pua ya mtoto. Kule tulikotoka hewa ni kavu."

"Kule." Akazima tochi. "Hapa, shemeji, watu wananunua mashine ya kukausha hewa. Wewe unaiongezea."

Lambert akakishusha kitenge mlangoni.

"Utamwambia mtu?" nikamuuliza Sospeter.

"Mimi nimekuja kuangalia ukuta. La kusema ni lako."

Wakaondoka. Nikachomoa mashine, nikamwaga maji yake sinki, nikaifunga ndani ya kile kitenge na kuibeba mpaka kwenye buti ya gari. Natalia, aliyekuwa amesimama pale akisikiliza muda wote, alinifuata akiwa peku.

Akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwa nini inakwenda garini.

"Imeharibika," nikasema. "Na usimwambie mtu. Umesikia? Mtu yeyote."

Akaitikia kwa kichwa. Ana miaka sita. Sikuwahi kumfundisha kitu akakielewa haraka namna ile.

Kufika Jumatano kikohozi kilikuwa kimekwisha. Nililala macho nikisikiliza anavyopumua, laini kabisa, na kila pumzi ilinihukumu. Généreuse alituma sauti nyingine: aje na mashine yake ya mvuke au aigawe? Sikumjibu. Badala yake niliandika barua ya pili ya ofisi. Niliirudia mara tano. Mwishowe ilisema kwamba chanzo cha unyevu kimechunguzwa na hakikutoka ghorofa ya juu, hivyo naomba mkataba wa jirani yangu uongezwe. Kiingereza safi. Haikusema kilitoka wapi.

Jumapili baada ya misa nilipanda kwake na Natalia, barua ikiwa kwenye pochi. Mlango ulikuwa wazi. Maboksi yamepangwa mpaka dirishani, na sebuleni palinuka sabuni ya mche.

"Karibuni, karibuni! Mmekuja kunisaidia kufunga?" Akamvisha Natalia beseni la plastiki kichwani kama kofia. "Hili litakuwa lako. Ninakokwenda, Carrollton, kwa mdogo wangu, tutalala watano chumba kimoja. Beseni nitaliweka wapi?"

Nikakaa ukingoni mwa boksi. Nikaanza kuongea habari za joto. Nikamwambia kwetu jangwani saa hizi mtu anaweza kukaa kivulini akasikia baridi, tena jioni unafungua dirisha unalala. Nikamweleza habari za mlima. Alisikiliza kwa adabu, anakunja shuka.

"Mama Natalia," akasema, "umekuja kunieleza hali ya hewa?"

Nikatoa barua. "Nimeiandika kwa ajili yako. Nitaipeleka ofisini kesho asubuhi. Inasema maji hayakutoka kwako."

Shuka likabaki mikononi mwake. "Umejuaje?"

"Mtu wa kuta alikuja. Ametoboa."

"Alikuja kwako?"

"Kwetu, ndiyo."

Nikaona mawazo yake yanarudi nyuma pole pole, mpaka siku ile alipokuja na bahasha, mpaka kwenye kicheko cha jumuiya. Hakupandisha sauti. Ningefurahi angeipandisha.

"Basi, mwanangu, yalitoka wapi?"

Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kwa lugha tatu. Nikatazama barua, nikatazama sakafu ambayo ni dari yangu.

Natalia akavua beseni kichwani, akalishika kifuani kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili:

"Maji ni ya mashine yetu, Mama ameificha kwenye gari."