Musiri wa Mama Speciose

Vestina hakuwa mtu wa makongamano. Mihadhara ya wasomi, kwake, ilikuwa maneno mengi na soda moja. Lakini Kituo cha Taaluma za Jinsia cha chuo kikuu kilipotangaza mhadhara wa wazi pale Rubwera, na kwamba maneno ya marehemu mama yake, Speciose, yatasomwa mbele za watu, alipiga pasi kitenge chake kipya, akamvalisha baba yake koti, wakaondoka Nyabiyonza asubuhi na mapema.

Wanafunzi wa kituo hicho walikuwa wamefika nyumbani miaka miwili nyuma, wakamrekodi mama kwa simu akieleza kazi za wanawake wa zamani. Miezi sita baadaye akafariki. Watoto wale walikuwa na adabu, hilo Vestina hakulikataa. Kasoro yao moja tu: walitoka pwani, na Kinyambo hawakukijua hata cha kuombea maji.

Ukumbi ulijaa watumishi wa wilaya, walimu na akina mama wa vikundi. Mzee Rwezaura, baba yake, aliketishwa mbele kwa heshima ya mvi zake. Dokta Jenifa, mhadhiri aliyekulia Dodoma, akavaa miwani na kusoma.

"'Mume wangu alikuwa na kibanja chake, nami nilikuwa na msiri wangu. Alfajiri, kabla hajaamka, nilikwenda kwa msiri. Mume wangu hakukanyaga huko hata siku moja. Kwa msiri ndiko nilikopata raha.'"

Weee! Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Naye Dokta, bila kujua anachokoroga, akaanza kufafanua kwa upole kabisa mapenzi ya siri ya bibi zetu.

Vestina akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amevua kofia, ameishika magotini, anaikunjakunja. Jamani, ndoa ya kanisani ya miaka hamsini na mbili inachanwa na karatasi moja!

Msiri gani? Musiri! Lile shamba la kule rweya, kwenye nyasi nje ya migomba, ambako wanawake walikusanya majani, wakayachoma, wakapanda njugu mawe. Vestina aliinusa harufu ya moshi ule palepale kwenye kiti. Siku zile zilikuwa tamu, asikwambie mtu. Kibanja, migomba na kahawa, vilikuwa vya mwanaume. Musiri ulikuwa wa mama, na mwanaume hakutia mguu. Nyumbani mama aliongea macho chini. Musirini alijifunga kanga kiunoni akamwigiza katekista anavyopiga chafya, mpaka wanawake wenzake wakakaa chini kwa kukosa mbavu.

Akasimama.

"Shikamooni wakubwa. Dokta, samahani. Mama yangu hakuwa na mwanaume. Musiri ni shamba la njugu. Mwanafunzi wako kasikia vingine." Kisha akawageukia wale wa nyuma, hasira imempanda. "Na nyie Wanyambo mnaocheka, hamna haya? Nani humu hakulelewa na njugu za musiri wa mama yake?"

Aliyepiga mluzi akainama kufunga kamba za viatu.

Dokta Jenifa, uso umemshuka, akateremka jukwaani na kupiga magoti mbele ya mzee. "Nisamehe, baba. Kosa ni letu. Tutalisahihisha hapa hapa, mbele ya watu wote."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Sauti yake mwenyewe mnayo?"

Walikuwa nayo. Wakaiunganisha na spika, na mama akaongea ukumbi mzima: musiri, njugu, moshi, yule katekista na chafya zake. Halafu akacheka, kicheko kipana cha kifuani, kikaenda na kwenda.

Vestina akashusha pumzi. Jina la mama lilikuwa limetakata. Alipomgeukia baba yake wafurahi pamoja, akakuta machozi yanamtiririka.

"Hivi ndivyo alivyokuwa anacheka?"

Angeweza kumdanganya. "Ndivyo, Tata. Huko musirini."

"Mimi nyumbani kicheko hiki sikuwahi kukisikia," mzee akasema. Akamwinulia Dokta mkono. "Mwanangu, rudisha kidogo. Pale anapocheka."