Mpaka Amalize

Wenzake bungeni walimwita Mheshimiwa Subira, na si kwa sababu alikuwa nayo kuliko wengine. Waliomsikiliza ndio waliohitaji kuwa nayo. Kigugumizi chake kilikuwa cha tangu utotoni, cha kumshika kwenye neno la kwanza. Ilikuwa kama mlango wa mbao uliolowa mvua ukavimba: unausukuma na kuusukuma, halafu unafunguka wote kwa mpigo na wewe unajikuta katikati ya chumba. Kabla ya siasa alikuwa fundi wa pampu za maji, kazi isiyotaka maneno mengi. Wapiga kura wake walisema walimchagua kwa sababu mbili. Kwanza, pampu zao zilikuwa zinatoa maji. Pili, katika kampeni nzima hakuahidi mengi, maana kila ahadi ilimtoa jasho.

Mkewe alikuwa na dawa yake ya kigugumizi: alimmalizia. Mume akianza "ni-ni-ni," mke huwahi, "Njaa?" Akikosa, hujaribu neno jingine, kwa upendo kabisa, mpaka apatie au mume achoke. Siku moja mume alitaka kusema kofia yake haionekani, akajikuta ameletewa chai. Akainywa. Kunywa chai kulikuwa kwepesi kuliko kuanza upya.

Sasa huyu mtu, ambaye wenzake hutazama saa akisimama tu, ndiye aliyeleta bungeni muswada wa kuwalinda wagonjwa. Ulikuwa muswada mzuri, na karibu kila mtu alikubali kwamba ni mzuri. Ulikataza hospitali kumfungia geti mtu aliyeumia vibaya. Ulitaka mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, mwili wake unakwenda kufanywa nini. Ulitaka anayelalamika asigeuziwe mgongo wodini. Kamati ilivipitisha vifungu hivyo bila matata. Walipokwama ni kwenye kifungu cha kumi na mbili, kilichokuwa na mstari mmoja: mgonjwa, au aliyemleta, atasikilizwa mpaka amalize, kabla hajaandikiwa dawa wala kuchomwa sindano.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa daktari wa upasuaji mstaafu, mtu mwema mwenye mikono mikubwa na tabia ya kuvua miwani kabla ya kukwambia jambo la kukukatisha tamaa. Siku hiyo aliivua mapema.

"Mheshimiwa, mimi nipo na wewe kwa yote haya," alisema. "Lakini hiki cha kumi na mbili kitatuchekesha. Masikio ya mtu utayaamrishaje? Daktari ana foleni imefika getini. Anaingia mgonjwa anaumwa tumbo, anaanza kukusimulia tangu harusi ya shemeji yake, pilikapilika zote, nani alinuna, nani alicheza. Huyo naye asikatizwe?"

Kamati ilicheka. Subira naye alicheka kwa dhati, maana mgonjwa wa namna hiyo alimjua, tena alikuwa mama mkwe wake.

"Bunge likikaa," mwenyekiti aliendelea, "nitatoa hoja kifutwe. Usinielewe vibaya. Nafuta kimoja ili kumi na vitano vipone."

Subira alisukuma mlango wake. "Ni-ni-nitaleta shahidi," alisema.

Shahidi aliyekuwa akimfikiria ni tabibu mmoja wa kituo cha afya, mama ambaye hakuwahi kujua hata jina lake. Kisa chenyewe kilikuwa cha zamani, wakati Subira bado anatengeneza pampu na binti yake wa pekee hajaanza shule. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kumuuguza mama yake. Mtoto akashikwa na homa kali. Familia ilikuwa imehamia mji ule karibuni tu, hakuna jirani wala muuguzi aliyewafahamu. Baba akambeba mtoto begani, mbio mpaka kituoni.

Jambo alilotakiwa kulisema lilikuwa dogo. Huko walikotoka, mtoto yule aliwahi kuchomwa sindano ya dawa fulani ya kawaida, akavimba uso na koo hadi pumzi ikawa haipiti. Walimwokoa kwa bahati. Dawa hiyohiyo ndiyo iliyokuwa mezani siku ile, tena chupa yake ameiona kwa macho yake. Lakini hofu na kigugumizi ni ndugu wa tumbo moja. Akafungua kinywa, na neno likagoma. "A-a-a-" Nyuma yake foleni ikaanza kumsaidia. "Anatapika!" "Anaharisha!" "Aliamka na degedege!" Kila mmoja alimalizia kwa nia njema, na kila mmoja alikosea, naye alikuwa anatikisa kichwa huku machozi yanamtoka.

Ndipo yule mama akalaza kalamu yake mezani. Alikunja mikono, akamtazama usoni, akangoja. Akangoja mpaka foleni yenyewe ikanyamaza, na katika ukimya ule mlango ukafunguka: "Alivimba koo kwa dawa hiyo." Mama akaiondoa chupa mezani kwa mkono wake mwenyewe. Akampa mtoto dawa nyingine, akamweka karibu na meza yake na kitambaa cha maji kwenye paji la uso hadi homa iliposhuka jioni.

Tangu siku hiyo Subira hakuacha kumshukuru. Binti alipoanza shule, alisema, "Yule mama." Alipofaulu, "Yule mama." Alipopata kazi ya ualimu na kurudi nyumbani na vumbi la chaki kwenye sketi, baba alimtazama na kumwambia mkewe maneno hayohayo mawili. Na hayo, ajabu, hayakuwahi kumkwama.

Kumpata haikuwa kazi kubwa; pale kituoni walimkumbuka, wakamwelekeza. Alikuwa amestaafu, akiishi katika nyumba ndogo nyuma ya shule. Subira na mkewe walimkuta barazani anashona chandarua kilichotoboka, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hodi, mama."

"Karibuni, wanangu. Vuteni viti. Usikanyage hapo, baba, kuna sindano nyingine imenikimbia tangu asubuhi."

Walimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kushona. Mke ndiye aliyesimulia, kwa kuwa walitaka kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mama tabibu alisikiliza, akaukata uzi kwa meno, akatikisa kichwa.

"Nisikudanganye, mwanangu. Sikukumbuki. Watoto wenye homa nimewaona wengi kuliko nywele zangu, na siku hizi nywele zenyewe zimebaki za kuhesabika."

"U-u-uliweka ka-kalamu chini," Subira alisema. "Ukakunja mi-mikono. Ukaningoja."

Mama alisimamisha sindano. Akatazama juu kwenye bati, kisha uso wake ukabadilika.

"Kalamu," alisema polepole. "Subiri kidogo. Baba mmoja anavuja jasho, mtoto begani. Basi nimekukumbuka. Lakini afadhali nisingekukumbuka." Alivua miwani. "Mwanangu, sikuwa nakungoja wewe. Wino uliniishia. Nilikuwa katikati ya kuandika dawa, kalamu ikakauka, nikamtuma muuguzi akaniletee nyingine. Akakawia. Nikakunja mikono kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Wewe ulikuwa mbele yangu, nikakutazama wewe."

Kuku mmoja alipita akidonoa donoa, akaondoka.

"Mimi nilikuwa hodari wa kukatiza watu," mama aliendelea, kwa upole lakini bila kujificha. "Asubuhi kuna foleni, mchana kuna foleni, nifanyeje? Kalamu ingekuwa na wino, ningekuwa nimeshaandika, na wewe ungekuwa bado uko kwenye hiyo 'a' yako. Ukinipeleka bungeni kwako, hilo ndilo nitakalosema. Uzee huu siwezi kuuchafua kwa uongo."

"Nj-nj-"

"Njaa?" mkewe aliuliza, kwa mazoea.

"Njoo hivyohivyo," Subira alisema.

Lakini njiani kurudi alitembea akitazama vidole vya miguu yake. Miaka yote ile alikuwa amemshukuru mwanamke mwenye moyo wa kungoja, na kumbe alichotakiwa kukishukuru ni kalamu mbovu. Mkewe alimchungulia mara mbili tatu.

"Sasa tumshukuru nani?" aliuliza mwishowe. "Kiwanda cha kalamu?"

Hapo Subira alicheka, akacheka mpaka akasimama na kushika ukuta wa duka la watu. Alipopata pumzi, uso wake ulikuwa umeshabadilika.

"Na wi-wino ungekuwepo?" alisema. "Mtoto a-a-a-"

Hiyo mkewe hakuimalizia. Katika sentensi zote za ndoa yao, hiyo ndiyo pekee ambayo mwisho wake aliujua bila kukisia. Alimshika mkono, wakatembea hivyo mpaka nyumbani.

Siku ya siku ikafika. Mama tabibu aliketi kwenye jukwaa la wageni, mstari wa mbele, mkoba magotini, pembeni yake mke wa Subira. Binti alichelewa kutoka darasani akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mwenyekiti alisimama, akavua miwani, akatoa hoja yake kwa maneno machache na ya haki. Kifungu cha kumi na mbili kifutwe. Nia ya kifungu ni njema, lakini sheria inaongoza mikono ya watu, haiongozi subira zao. Neno hilo lilipotajwa wabunge walicheka kidogo na kumtazama mwenzao, naye akasimama.

Kanuni za ukumbi ule zilikuwa na kipimo kimoja kwa wote: taa ya kijani ukianza, nyekundu muda ukikuishia, na baada ya nyekundu kipaza sauti hakikujui tena. Wepesi wa kusema walikuwa wakikaa chini na muda uliobaki mkononi. Subira alisimulia homa, alisimulia foleni, alisimulia wale waliommalizia. Alifika mahali mama anapolaza kalamu. Akasema, "Na sa-sababu ya ku-kulaza kalamu," na taa ikawa nyekundu.

Upande wa pili akasimama mbunge mmoja waliyemwita Kanuni, mtu wa kusimama kuhusu utaratibu hata mwenzake akipiga chafya. Ukumbi mzima uliguna. Mkewe Subira, kule juu, alifumba macho.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika," alisema Kanuni. "Kanuni zetu zinamruhusu anayefuata kuchangia kumpa mwenzake muda wake. Anayefuata ni mimi. Nampa wote." Alianza kukaa, akasimama tena. "Mheshimiwa Spika, mimi nina watoto. Nataka kujua ile kalamu ilikuwaje."

Taa ikarudi kijani. Subira alimtazama Kanuni kwa shukrani ambayo, kama angejaribu kuitamka, ingekula muda wote aliopewa. Kwa hiyo alimwinamia tu.

"I-iliisha wino," alisema.

Akawaeleza yote kama mama alivyoyaeleza, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Hakuna aliyetazama saa. Pale neno lilipokwama walingoja, na hakuna aliyemmalizia, kwa kuwa safari hii hakuna aliyejua mwisho.

"Binti yangu yu hai," alimalizia, "kwa sababu ka-kalamu ilikauka, na muuguzi akakawia. Naishukuru kalamu ile. Namshukuru na aliyeishika, maana aliponisikia aliniamini, na mimi sikuwa na kitu mkononi zaidi ya mtoto. Lakini Mheshimiwa Spika, si-siwezi kuwaombea wagonjwa wa nchi hii ka-kalamu mbovu. Nawaombea sheria."

Mwenyekiti alisimama. Miwani ilikuwa usoni, na hakuivua. Alisema anaiondoa hoja yake, na badala yake anaomba kifungu kirekebishwe kidogo: anayetibu amuulize mgonjwa, au aliyemleta, ni dawa gani iliwahi kumdhuru, na asiandike wala kuchoma chochote mpaka jibu litolewe lote. "Kuuliza na kungoja jibu naweza kukuandikia," alisema. "Ile harusi ya shemeji tumwachie Mungu." Spika alipowahoji wanaoafiki, ndiyo yao ilitikisa vioo. Wasioafiki walipohojiwa, ilisikika chafya moja tu, na Kanuni hakusimama.

Waliposhuka kutoka jukwaani, korido ilikuwa imejaa watu wa kupeana mikono. Mama tabibu alikuja taratibu, kiganja kwenye reli ya ngazi. Subira aliwapita mawaziri wawili bila kuwaona, akafika mbele yake. Binti alikuwa ndiyo kwanza anafika, amesimama nyuma ya bega la baba yake, kwenye sketi kuna chaki.

"A-a-a-"

Kila mtu pale koridoni alidhani analijua neno. Mkewe alishafungua kinywa kulitoa, na mbunge mmoja alishalianza, "Asan-". Mama tabibu aliinua mkono.

"Mwacheni amalize," alisema.

Akauweka mkoba wake sakafuni, akakunja mikono, akamtazama usoni. Safari hii hakukuwa na mtu aliyetumwa kuleta kitu. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, na Subira akausukuma mlango wake mpaka ukafunguka. Halikuwa lile neno walilolidhani. Alimvuta binti yake kwa mkono, akamsogeza mbele.

"Amekua," alisema.

Mama alimtazama yule mwalimu kuanzia viatu mpaka kwenye paji la uso, lile alilokuwa ameliwekea kitambaa cha maji siku ile hadi jioni. Alichukua muda wake, na hakuna aliyemharakisha.

"Eeh," alisema, akimshika mkono. "Amekua kweli."