Sifa Nne za Mkuu wa Kaya

Jumanne asubuhi, Ottilia alikuwa akikoboa kahawa kwa mashine ya mkono nje ya nyumba yake, milimani juu ya Litembo, afisa mwandikishaji alipoingia uani na kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Aliitwa Florian. Alikuwa ameongozana na Bernadi, mwenyekiti wa kitongoji, na mkononi alishika kitabu chenye jalada la kijani.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa. Wanunuzi walikuwa wengi, ofisi nazo nyingi, na kila moja ilikuwa na maana yake ya mkulima, ya shamba, ya kaya. Ndipo ukaandikwa Mwongozo wa Maana za Pamoja, ili wote wakitaja kitu wawe wanataja kitu kilekile. Kaya isiyolingana na mwongozo haikupewa kadi, na bila kadi hakuna mnunuzi aliyepokea kahawa.

"Mama Edina, mkuu wa kaya hii ni nani?" Florian aliuliza.

"Mimi."

Florian alifungua kitabu akasoma polepole. Mkuu wa kaya awe mwanamume. Awe mtu mzima. Awe anajulikana kwa mwenyekiti. Awepo nyumbani siku ya kuandikishwa.

"Unazo tatu, mama. Kulingana ni kutimiza zote nne. Hakuna kulingana nusu."

Ottilia aliachia mpini wa mashine. Alimwambia kwamba mumewe, Mansuetus, alifariki miaka sita iliyopita. Kwamba kati ya mibuni mia nne na kumi na mbili, mia mbili ameipanda yeye baada ya mazishi. Kwamba ngolo zote zile za kuzuia maji ya mvua mteremkoni, shimo kwa shimo, amezichimba kwa mikono hii.

"Andika hayo."

"Hayana safu, mama. Mzee amezikwa wapi?"

"Pale, nyuma ya migomba."

Florian aliangalia migomba, akaangalia kitabu. "Basi yupo nyumbani," alisema, akaandika.

Wino ulikuwa haujakauka Mansuetus alipotokea nyuma ya migomba, akipangusa udongo kwenye suti aliyozikwa nayo. Bernadi alimpisha kwenye kigoda. Florian alisimama, maana alilelewa vizuri, akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Ottilia hakushangaa kwamba amekuja. Kilichompandisha hasira ni siku aliyoichagua.

"Umekuja," alisema.

"Nimeitwa."

"Na mimi nilipokuita? Edina alipolazwa miezi miwili, nilikuita kila siku. Mvua ilipobomoa ngolo, nilikuita mpaka sauti ikakauka."

Mansuetus aliinamisha kichwa. "Hukuwa na fomu," alisema.

Florian aliuliza idadi ya mibuni. Mansuetus hakuijua; alipokufa ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Ottilia akamtajia, naye akairudia, na iliporudiwa ndipo Florian akaiandika. Alama ya dole gumba ilitoka na udongo kidogo, ikakubalika. Mstari wa chini Florian aliandika: Ottilia, mtegemezi.

"Huyu ni marehemu, afisa. Mguse mkono."

"Najua, mama. Uhai haumo kwenye sifa."

"Na mimi niliye hai?"

"Wewe umelingana vizuri kabisa, kama mtegemezi."

Ottilia alimpokonya kitabu akakitupa kwenye pipa la maji ya kuoshea kahawa, akakididimiza kwa mwiko mpaka chini. Florian alisubiri amalize. Kisha alikunja mkono wa shati, akakitoa, akakianika kwenye kichanja kando ya kahawa.

"Wilayani zipo nakala nyingine kumi na mbili," alisema.

Juma lile waliamka wengi. Mume wa jirani yao Lidia, aliyezama ziwani karibu na Mbamba Bay, alipanda mlima kwa miguu siku tatu, akafika bado anachuruzika maji. Lidia akamtandikia turubai. Mwisho wa mwezi kata nzima ililingana na mwongozo, na ofisi ikapelekewa barua ya pongezi.

Siku ya kuuza, Ottilia alibeba gunia kichwani njia nzima. Mansuetus alitangulia mikono mitupu, kwa kuwa vidole vyake havikushika tena kitu kizito. Alitembea taratibu, akisalimiana na watu, na Ottilia akimfuata nyuma.

Karani wa mnunuzi aliangalia kadi.

"Mzee, kahawa hii ni yako?"

Mansuetus hakuwa mtu wa uongo alipokuwa hai, na kaburi halikumbadilisha. "Ni ya mke wangu," alisema.

Karani aliweka kalamu chini. "Mzee, hapa jibu ni ndiyo au hapana. Ukisema hapana, gunia linarudi nyumbani."

Mansuetus aligeuka kumtazama mkewe. Shingo ilikuwa ikimwuma Ottilia, jasho likimwingia machoni. Nyuma yake, wanawake wa kitongoji walisimama na magunia vichwani, kila mmoja na mumewe mbele yake.

"Sema ndiyo," Ottilia alimwambia, meno yamekazana.

"Ndiyo," alisema Mansuetus.

Karani aliandika jina la Mansuetus, akaita anayefuata.